Choo cha Saiti Kikae Wapi?

     

Wasikilizaji wangu wa Kibaha na Kisarawe, jioni hii tunazungumzia choo. Nina maana ya vyoo vya kuhamishika, vile vibanda vya plastiki vinavyoletwa na lori, vinashushwa saiti, na kazi ikiisha vinaondoka. Swali langu ni moja tu: kikishashushwa, kikae wapi?

Kwa nini nauliza swali hili Kibaha na Kisarawe? Kwa sababu kwetu huku ni ujenzi mtupu. Reli ya kisasa ilianza kujengwa mwaka 2017, ikapita Soga na Ruvu, na Juni 2024 treni zikaanza kubeba abiria. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara kuja Kibaha. Kwala kuna bandari kavu, na viwanda vinajengwa. Kisarawe mjini, mradi wa maji kutoka Kibamba ulizinduliwa mwaka 2020, na tunajua maji yakifika mahali, nyumba hazichelewi kufuata. Kila penye kazi hizo pana watu: mafundi, saidia fundi, madereva, walinzi, mama lishe. Wanashinda pale kutwa nzima, na wote wanahitaji pa kwenda haja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake vyoo. Wengi wanaitii. Wanakodi vyoo, vinaletwa, risiti inawekwa kwenye faili. Lakini nenda saiti hiyohiyo baada ya wiki mbili. Vyoo vipo, tena visafi, havijaguswa, na kwenye mikorosho ya jirani kumekuwa na njia mpya iliyokanyagwa na miguu ya watu. Wenye mikorosho wanajua wanachokikuta chini ya miti yao wakienda kuokota korosho.

Watu hao si wachafu. Ukiwauliza watakwambia: choo kiko mbali, au kiko mbele za watu, au hakina maji, au kinanuka hadi hakiingiliki. Sababu hizo karibu zote zinatokana na pale kilipowekwa. Ndiyo hoja yangu ya leo, nami nitairudia: mahali ndipo panapoamua kama choo kitatumika. Na mahali panachaguliwa kabla ya lori kufika. Lori likishafika, dereva ana haraka, atashusha pale palipo wazi, na hapo ndipo choo kitakapokaa hadi kazi iishe.

Tuchague kwa kuangalia mambo manne. Yashike kwa vidole: kwanza watu, pili maji, tatu upepo, nne gari. Narudia: watu, maji, upepo, gari. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Tuanze na watu. Jiulize, watu wako wako wapi saa nne asubuhi? Wako wapi saa saba mchana? Wako wapi saa kumi? Saa nne wako juu ya jukwaa wanamwaga zege. Saa saba wako chini ya mwembe wanakula. Saa kumi wako kwenye bomba wananawa. Choo kiwe kati ya sehemu hizo, mtu akienda na kurudi asionekane amekimbia kazi. Saidia fundi anayelipwa kwa siku anamwogopa msimamizi. Ukimpeleka mita mia mbili kufuata choo, atavumilia hadi ashindwe, kisha ataingia kichakani. Miongozo ya kimataifa ya kuhudumia wakimbizi makambini inataka choo kisizidi mita 50 kutoka wanapokaa watu. Saiti si kambi, lakini kipimo hicho kinatusaidia. Hatua sitini, sabini, umefika.

Saiti nyingine zina urefu. Mafundi wa reli au wa barabara leo wako hapa, Jumatatu ijayo wamesogea mbele kilomita nzima. Kutoka Kimara hadi Kibaha kazi ilikuwa ya kilomita 19. Choo kilichobaki nyuma ni sawa na kutokuwepo. Kwenye kazi ya namna hiyo, weka choo juu ya trela, na aliyepewa kazi ya kuhamisha vifaa ahamishe na choo siku hiyohiyo. Watu wakisogea, choo kisogee.

Bado tuko kwa watu, na sasa nazungumza juu ya wanawake. Saiti zetu zina wanawake: wanachota maji, wanabeba kokoto, wanapaka rangi, wanapika. Choo chao kiwe peke yake, kisipakane ukuta na cha wanaume. Njia ya kukifikia isipite katikati ya wanaume waliokaa. Kiwe na komeo la ndani, na ndani pawe na pipa la taka lenye kifuniko. Mara nyingi utasikia, "Tumekiweka karibu na mlinzi, ni salama." Sawa, lakini je, mlinzi amekaa anautazama mlango? Mwanamke hataki kuhesabiwa anapoingia na anapotoka. Kiweke mlinzi anapoweza kusikia sauti ikipazwa, ila asiwe ameutumbulia macho mlango. Na taa iwepo njia nzima, kwa sababu walinzi na wanaolala saiti nao huenda usiku.

Na ufunguo? Zipo saiti ambazo choo kina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi, na msimamizi amekwenda Mlandizi kununua nondo. Ukikifunga, umekiondoa. Tafuta mtu wa kukisafisha, umlipe, kisha kiache wazi.

Hayo ni ya watu. Jambo la pili ni maji, na hapa kuna maji ya namna mbili: maji tunayoyalinda na maji tunayoyahitaji.

Tuanze na ya kulinda. Mto Ruvu tunaunywa. Mtambo wa Ruvu Juu uko huku kwetu Mlandizi, na maji yake yanakwenda Kibaha, yanafika hadi Dar es Salaam, yanapanda hadi Kisarawe. Atakayechafua mto huo amechafua glasi ya mtoto wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wengi mnaijua kwa jina la mita sitini. Choo cha kuhamishika utasema si cha kudumu. Mimi nasema, kaa mbali na mto hata hivyo. Na kwenye kisima usisogee karibu zaidi ya mita 30.

Utaniuliza: lakini choo hiki kina tanki lake, hakichimbwi shimo, kitachafua vipi? Kinachafua siku ya kunyonywa, mpira unapochomolewa na matone kumwagika. Kinachafua siku tanki linapojaa na mtu hakupiga simu. Kinachafua mvua ya masika inapokiangusha. Tanki linapunguza hatari, haliiondoi.

Kwa hiyo ishike kanuni hii: chini ya kisima, juu ya mkondo. Narudia: chini ya kisima, juu ya mkondo. Kwenye mteremko, na Kisarawe tuna miteremko mingi ya vilima vya Pugu, choo kikae upande wa chini kuliko kisima na jiko, kinachovuja kisitiririke kuelekea kwenye maji ya kunywa. Lakini kisishuke hadi bondeni ambako maji ya mvua hupita. Unajuaje mvua inapita wapi, nawe umefika saiti wakati wa kiangazi? Tazama ardhi. Mchanga uliofagiliwa mistari, majani makavu yaliyojikusanya mahali pamoja, mizizi iliyobaki wazi: hapo maji hupita. Au muulize mzee wa jirani. Anaikumbuka masika ya kila mwaka, na hatakutoza hata shilingi.

Sasa maji tunayoyahitaji. Huku kwetu mtu akienda haja anatawaza. Vyoo vingi vya kuhamishika vimetengenezwa kwa watu wa karatasi. Ukikiweka choo mahali pasipo na maji, umewaambia watu wako wasikitumie. Kwa hiyo tanki la maji au pipa lenye koki liwe hatua chache tu kutoka mlangoni, kopo liwepo ndani, na nje pawe na kibuyu chirizi na sabuni. Kibuyu chirizi ni dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga na msumari wa kutoboa. Fundi wa saiti atakitengeneza wakati wa kusubiri zege likauke. Mmesahau kipindupindu cha mwaka 2015? Kilianza Dar es Salaam mwezi wa nane, kikaenea mikoa mingi, kikavuka hadi Zanzibar. Ugonjwa huo hupita kwa mikono, kwa maji na kwa chakula, na saiti ni mahali ambapo watu mia wanakula kutoka sufuria moja.

Tumemaliza mawili: watu, na maji. La tatu ni upepo.

Sisi wa Pwani upepo wetu una majina. Kaskazi huvuma karibu Desemba hadi Machi, ukitokea kaskazini mashariki. Kusi hushika baada ya masika na kuvuma miezi ya baridi, ukitokea kusini mashariki. Mmeona zinavyofanana? Zote mbili zinatokea upande wa mashariki, upande wa bahari. Wakati mwingi wa mwaka, basi, upande wa magharibi wa saiti ndio upande upepo unakokwenda. Choo kikikaa magharibi, harufu inatoka nje ya saiti. Kikikaa mashariki, harufu inapita juu ya vichwa vya mafundi, inaingia kwenye sufuria ya mama lishe, inaishia ofisini kwa msimamizi. Lakini vilima vya Kisarawe na majengo marefu hugeuza upepo, kwa hiyo usikae ofisini ukaamua. Simama pale saa saba mchana, chukua konzi ya vumbi, iachie taratibu uone inakwenda wapi. Kisha tazama nje ya uzio: kuna nini huko? Kama ni dirisha la jirani, au shule, au msikiti, au kanisa, sogeza. Harufu uliyomwondolea fundi wako usimpelekee mwenzako.

Mama lishe naye tumtaje kwa jina la kazi yake. Mara nyingi saiti inapangwa, stoo ya saruji inapewa mahali, nondo zinapewa mahali, choo kinapewa mahali, halafu mama lishe anaambiwa, "Jitafutie." Naye anaweka mafiga palipobaki, na palipobaki ni nyuma ya choo. Nzi hutua chooni, kisha hutua kwenye wali. Panga jiko na choo siku moja, kwenye mchoro mmoja, na kati yao ziwe hatua nyingi kadiri eneo linavyoruhusu.

Tukiwa hapohapo kwenye pande za dunia, kuna jambo la heshima ambalo wakandarasi wengi hawaliulizi. Wakazi wengi wa Pwani ni Waislamu, na Mwislamu akienda haja anaepuka kuelekea kibla au kukipa mgongo. Sisi tuliopo huku, kibla chetu kiko kaskazini. Katika vyoo vingi vya plastiki, aliyekaa anautazama mlango. Hesabu ni rahisi: mlango ukitazama kaskazini au kusini, umemweka mtu pabaya. Mlango ukitazama mashariki au magharibi, umemsitiri. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu mtu aliye ndani ya kuta, hilo nawaachia wenye elimu. Lakini kukigeuza choo kabla hakijashushwa hakugharimu kitu, na anayelelewa kwa adabu hiyo ataingia na moyo mtulivu. Kwa hiyo choo kikiwa upande wa magharibi wa saiti, mlango wake utazame mashariki, na hatua tatu mbele yake simamisha kiambaza cha makuti au turubai. Anayeingia hatazamwi, na taa ya saiti bado inamfikia.

Na jua? Kibanda cha plastiki saa nane mchana kinachoma, na joto linazidisha harufu. Kivuli ni kizuri. Ila kivuli cha mwembe pale saiti kina wenyewe: ndipo watu wanapolia chakula na kujinyoosha. Usiwanyang'anye ukakipa choo. Tengeneza kivuli cha makuti juu ya kibanda, inatosha. Na usikiweke chini ya mnazi. Sababu mnaijua.

Tumefika la nne: gari. Wengi hulisahau hili, na ndilo linaloua choo kizuri kilichowekwa vizuri.

Choo cha kuhamishika kinaishi kwa gari la majitaka. Gari lisipofika, baada ya siku chache choo kimejaa, na kikijaa kimekufa. Sasa sikilizeni kwa makini, hasa wa Kisarawe. Gari la majitaka linaingia tupu, linatoka limejaa. Tanki la lita 10,000 likijaa, limeongezeka tani 10. Njia iliyolibeba likiingia inaweza kushindwa kulibeba likitoka. Kwenye kichanga cha Kibaha magurudumu yanazama. Kwenye mfinyanzi wa Kisarawe wakati wa masika gari linateleza, linakwama, na likishakwama na mzigo ule mko matatani wote. Dereva aliyekwama mara moja, ukimpigia simu tena hapokei.

Kwa hiyo ukikagua njia, usijiulize tu kama gari litafika. Jiulize kama litatoka. Choo kikae karibu na njia iliyoshindiliwa kokoto, mahali ambapo gari linasimama bila kuingia ndani ya saiti na mpira unafika. Pawe na pa kugeuzia. Nyaya za umeme zisipite juu ya mahali hapo. Chini pawe tambarare, pameshindiliwa, kibanda kisiyumbe mtu akikaa. Kama una mfanyakazi au mgeni anayetumia kiti cha magurudumu, njia hiyohiyo ngumu itamfikisha, mradi ujenge na mteremko wa kuingilia mahali pa ngazi. Na ukikodi, muulize mwenye gari anakomwaga. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta mwingine, maana kinachomwagwa korongoni usiku kinarudi kwetu asubuhi.

Hayo ndiyo manne. Mnayakumbuka? Watu, maji, upepo, gari.

Kabla sijamaliza, neno kwa waandaaji wa mikusanyiko. Tarehe 2 Aprili 2025 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa hapa Kibaha, na kila wiki tuna harusi, maulidi, mikutano ya injili na ya hadhara. Mambo manne ni yaleyale, na mawili yanaongezeka. La kwanza, wanawake wapewe vyoo vingi zaidi. Miongozo ile niliyoitaja inashauri vitatu vya wanawake kwa kimoja cha wanaume, na aliyewahi kuona foleni ya kina mama kwenye harusi anajua sababu. La pili, visirundikwe nyuma ya jukwaa. Vigawe pande mbili za uwanja, na vibao vionekane kutoka mbali. Mama aliyeshika mtoto asilazimike kuuliza wanaume wanne ndipo afike.

Ndugu zangu, redio na choo ni marafiki wa zamani katika nchi hii. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kiasi cha milioni mbili walikaa kwenye vikundi, vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa pale redio ilipozimwa: kikundi kiliamua jambo, na jambo likafanyika wiki hiyohiyo. Wazee wetu walichimba kwa majembe. Sisi tunaletewa choo kimekamilika, juu ya lori. Kazi iliyobaki kwetu ni kuamua kikae wapi.

Kwa hiyo nawaachia kazi. Kama wewe ni msimamizi wa saiti, kesho asubuhi kabla ya kazi kuanza wakusanye watu wanne: mwanamke mmoja kati ya wafanyakazi wako, saidia fundi mmoja, mama lishe, na dereva wa gari la majitaka, au mpigie simu kama hawezi kufika. Tembea nao saiti yote. Waulize: wewe ungekiweka wapi? Wanne hao wanajua mambo ambayo hayamo kwenye mchoro wa mhandisi. Wakikubaliana, pigilia kigingi hapo, na lori likija dereva akute kigingi kinamsubiri.

Kama wewe ni mkandarasi, kwenye mchoro wako wa saiti chora choo kabla ya stoo. Kupanga ni kuchagua, tuliambiwa zamani. Saruji ikilowa utanunua nyingine, afya ya fundi hutainunua.

Na kama wewe ni fundi au kibarua, choo mahali pa kazi ni haki yako kisheria. Kikiwekwa pabaya, sema. Sema kwa adabu, sema mkiwa wawili watatu, na mseme kingefaa kikae wapi. Msimamizi mwenye busara atasikiliza, kwa kuwa kusogeza choo ni kazi ya nusu saa, na kuhara kwa mafundi ishirini kunasimamisha jengo zima.